Kugombea Ubunge wa Jimbo la Maine: Mwongozo kwa Mgombea Anayetoka Katika Jamii Yake

Miongoni mwa wahamiaji wanaozungumza Kiswahili katika miji ya Portland na Lewiston, jimboni Maine, Marekani, wapo wengi waliokwisha kuwa raia, na baadhi yao huuliza iwapo mtu asiye na fedha wala jina kubwa anaweza kuingia katika bunge la jimbo. Anaweza, na sababu kubwa ni udogo wa maeneo ya uchaguzi. Baraza la Wawakilishi la Maine, yaani baraza la chini la bunge hilo, lina wajumbe 151, na kila mmoja huwakilisha watu wapatao 9,000 tu. Katika jimbo la California, ambako baraza la chini lina wajumbe 80, kila mjumbe hubeba karibu watu nusu milioni, na bila fedha nyingi za matangazo wapiga kura hawawezi hata kumjua. Mgombea wa Maine anaweza kuwafikia wapiga kura wake kwa miguu.

Sharti la kwanza ni uraia. Katiba ya Maine inamtaka mjumbe wa Baraza la Wawakilishi awe na umri wa miaka 21, awe raia wa Marekani kwa miaka 5, awe ameishi jimboni mwaka 1, na awe mkazi wa eneo lake la uchaguzi kwa miezi 3 kabla ya siku ya uchaguzi. Kwa kuwa wahamiaji wengi hulazimika kukaa miaka 5 wakiwa wakazi wa kudumu ndipo waombe uraia, safari nzima huweza kuchukua miaka 10 au zaidi. Asiyekuwa raia asijiandikishe kupiga kura hata akisukumwa na marafiki wenye nia njema, kwa sababu kosa hilo linaweza kumnyima uraia na hata kumfukuzisha nchini.

Miaka hiyo ya kusubiri ina kazi yake. Huko Augusta, makao makuu ya jimbo, miswada husikilizwa hadharani mbele ya kamati, na mwananchi wa kawaida huruhusiwa kusimama na kutoa maoni yake kwa dakika chache. Mzazi aliyekwenda kueleza kamati jinsi shule ya mtoto wake inavyokosa wakalimani hujifunza pale namna sheria inavyotungwa, nani anaisukuma na nani anaikwamisha, mapema kabla hajafikiria kugombea. Deqa Dhalac, mzaliwa wa Somalia, alianzia katika halmashauri ya mji wa South Portland mwaka 2018, akawa meya mwaka 2021, na mwaka 2022 akachaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi, mwaka uleule ambao Mana Abdi alichaguliwa kutoka Lewiston.

Muda ukifika, mgombea wa chama hukusanya saini zisizopungua 25 za wapiga kura wa chama chake wanaoishi katika eneo lake, na kuziwasilisha kwa Katibu wa Jimbo, ofisa anayesimamia uchaguzi, kufikia tarehe 15 Machi. Idadi hiyo ni ndogo, lakini karani wa mji hukagua kila jina, na aliyehama mtaa au aliyeandikishwa chama kingine hukatwa. Mwenye busara hukusanya za akiba.

Suala la fedha ndilo linalohitaji uangalifu zaidi. Mwaka 1996 wananchi wa Maine walipitisha kwa kura Sheria ya Uchaguzi Safi, inayomwezesha mgombea kuendesha kampeni kwa fedha za umma. Anayegombea Baraza la Wawakilishi hutafuta wapiga kura 60 wa eneo lake, na kila mmoja hutoa angalau dola 5 kwa ajili ya mfuko wa jimbo, wala si kwa mgombea, kisha husaini kuthibitisha kwamba fedha hizo ni zake mwenyewe. Akishakubaliwa, mgombea hupokea fedha za kampeni kutoka mfuko huo na hawezi tena kuchangiwa na watu binafsi wala makampuni. Hapa desturi yetu ya harambee inaweza kuleta matatizo, kwa maana tumezoea mwenye nacho kumlipia asiye nacho. Chini ya sheria hii, mgombea au mfuasi wake akimrudishia mtu zile dola 5, au akimlipia tangu mwanzo, amevunja sheria. Ni bora atumie wiki kadhaa zaidi kubisha hodi.

Na hodi hizo zisiishie kwa watu wa lugha yake. Eneo la watu 9,000 lina wastaafu wanaohofia kodi ya nyumba zao, wauguzi, wapangaji, na familia zilizoishi hapo kwa vizazi vingi. Mgombea anayetegemea kanisa lake au msikiti wake peke yake hatashinda, na kwa maoni yangu hata akishinda hatakuwa mwakilishi mzuri. Asikilize kwanza, aandike aliyoambiwa, kisha atenganishe yaliyo ya Augusta na yaliyo ya Washington. Fedha za shule, haki za wapangaji na leseni za taaluma ni mambo ya jimbo. Kibali cha kazi cha mwomba hifadhi ni suala la serikali kuu, na kuahidi kukiharakisha ni kuwadanganya watu walio katika shida ya kweli.

Uchaguzi wa mchujo, ambao chama hutumia kumpata mgombea wake, hufanyika Juni, na hapo mpiga kura huwapanga wagombea kwa kufuata chaguo la kwanza, la pili na kuendelea. Kwa hiyo inafaa kumwomba hata mfuasi wa mpinzani chaguo lake la pili, kwa heshima na bila kumtusi mtu wake. Uchaguzi mkuu wa Novemba kwa nafasi za bunge la jimbo hurudi kwenye kura ya chaguo moja. Sheria ya Maine pia inaruhusu raia kujiandikisha siku ileile ya kupiga kura. Aliyeapishwa kuwa raia wiki hiyo, akifika kituoni na kitambulisho pamoja na uthibitisho wa mahali anapoishi, huandikishwa na kupiga kura papo hapo.