Kutafuta waranti katika kaunti za vijijini Marekani: anza na mahakama

Karibu kila wiki huja mtu kwenye dawati letu la msaada wa sheria, anakaa, anashusha sauti na kusema: "Naomba uniangalizie kama nina waranti," yaani hati ya kukamatwa. Namuuliza, "Ya mahakama ipi?" Hapo ananyamaza, kwa sababu alikuja akiamini kuwa ipo kompyuta moja ya serikali: unaandika jina, jibu linatoka.

Kompyuta ya namna hiyo ipo, ila si yetu sisi. FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu, ina mfumo wa kumbukumbu uitwao NCIC, ulioanza mwaka 1967, na huo ndio polisi anaoutazama anapochukua leseni yako na kurudi nayo kwenye gari lake. Raia haruhusiwi kuuchungulia. Tena si kila waranti ya kesi ndogo ya kijijini inayoingizwa humo, kwa hiyo hata polisi wa jimbo jingine anaweza kukuachia uende zako, halafu ukakamatwa mwezi unaofuata kwenye kaunti ilikotoka karatasi yenyewe.

Marekani ina kaunti zaidi ya 3,000. Nyingine ni ndogo kuliko mtaa: kaunti ya Loving, huko Texas, ilihesabiwa watu 64 katika sensa ya 2020. Hata hivyo, kwa kawaida kila kaunti ina sherifu wake, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, na ina mahakama yenye masijala yake. Waranti hutolewa na jaji au hakimu, nayo hukaa kwenye jalada la kesi katika mahakama iliyoitoa. Sherifu anayo kwa sababu yeye ndiye aliyeamriwa kukamata. Kwa hiyo ukishaijua mahakama, kazi kubwa umeimaliza.

Zipo waranti zinazotolewa baada ya mpelelezi kuapa mbele ya hakimu kwamba ana sababu za msingi za kumshuku mtu. Hilo ni sharti la Marekebisho ya Nne ya Katiba, yaliyoanza kutumika mwaka 1791. Lakini hizo si ndizo zinazojaza dawati letu. Zinazolijaza ni zile ambazo jaji huzitoa mtu asipofika mahakamani siku aliyopangiwa, au asipomaliza faini. Mwenye waranti hiyo mara nyingi si mhalifu wa kutisha. Ni dereva aliyekuwa akipita kaunti ya watu kuwahi zamu ya usiku kiwandani, akapigwa tiketi ya mwendo kasi, akaitia mfukoni.

Mzee mmoja alinitolea tiketi yake kwenye pochi, imekunjwa mara nne, wino umefifia kwenye mikunjo. Miezi yote ile aliidhania ni risiti. Tuliinyoosha juu ya meza tukaisoma pamoja, na kila tulichokitaka kilikuwemo: juu, jina la mahakama, katikati, jina la kaunti na la afisa, chini, karibu na sahihi yake mwenyewe, tarehe na saa ya kufika. Kama una karatasi ya aina hiyo, hata imechakaa vipi, usiitupe. Angalia pia aliyekuandikia. Akiwa polisi wa mji, mara nyingi kesi iko mahakama ya mji. Akiwa naibu wa sherifu au polisi wa jimbo, kwa kawaida iko mahakama ya kaunti. Mahakama hizo mbili zinaweza kutazamana barabarani na bado kila moja ikawa na daftari lake. Karani wa hii akikwambia huna kitu, hajajibu kwa niaba ya ile.

Ukishaijua mahakama, angalia kama jimbo lina tovuti ya kesi. Missouri wana Case.net. Oklahoma wana OSCN. Wisconsin wana mfumo mmoja unaokusanya mahakama za mzunguko za kaunti zote 72. Kutafuta humo ni bure. Fungua kesi, kisha soma orodha ya matukio yake toka mwanzo, mstari kwa mstari. Unatafuta neno Warrant. Likiandamana na Issued, waranti imetolewa. Ukikuta Served mbele yake, mtu alishakamatwa kwa hati hiyo. Recalled au Quashed maana yake jaji ameifuta. Watu wengi husoma mstari wa kwanza, moyo ukapasuka, wakafunga kompyuta, kumbe mistari mitatu baadaye hati ilishafutwa.

Kutokuona kitu nako si ushahidi kwamba huna. Mahakama nyingi za miji midogo haziko kwenye tovuti za majimbo, majalada ya zamani huenda bado ni makaratasi, na waranti nyingine hufichwa makusudi hadi zitekelezwe ili mtuhumiwa asikimbie.

Sasa jina. Hapa ndipo watu wetu, sisi wahamiaji tunaozungumza Kiswahili, hupotea kuliko mahali popote, na maelekezo ya Kiingereza hayaligusi jambo hili. Mifumo hii inataka jina la kwanza na jina la ukoo. Sisi tumekuja na jina letu, la baba na la babu, na afisa aliyetupokea akachagua mwenyewe lipi liwe la ukoo. Mwingine kwenye hati zake ameandikwa FNU, yaani jina la kwanza halijulikani, na polisi akaliandika hilo kwenye tiketi kana kwamba ndilo aliloitwa na mama yake. Mohamedi anaweza kuwa Mohamed, Mohammed au Muhammad. Ally anaweza kuwa Ali. Tafuta kwa kila namna, kisha geuza: la mwisho liweke mwanzo. Kama tovuti inakubali herufi chache za mwanzo, andika tatu au nne tu kisha upekue orodha kwa macho.

Tarehe ya kuzaliwa nayo ina mitego miwili. Wamarekani huanza na mwezi, kwa hiyo aliyezaliwa tarehe 5 Machi ni 3/5, na karani akigeuza tu, umekuwa mtu wa mwezi Mei. Mtego wa pili ni mkubwa zaidi: wakimbizi wengi wasiokuwa na cheti waliandikiwa tarehe 1 Januari. Ukiwa na jina linalofanana na la mwenzako na nyote mmezaliwa 1/1, waranti yake inaweza kukuangukia wewe. Ndiyo maana jina na tarehe peke yake havitoshi. Linganisha anwani, urefu, namba ya leseni, na hasa namba ya kesi.

Tovuti isipokuwepo, piga simu kwa karani wa mahakama. Usianze na dirisha la sherifu. Si kwamba ni watu wabaya, na baadhi yao hubandika orodha ya waranti kwenye tovuti zao kwa ajili ya kila mtu. Ila naibu wa sherifu akiona waranti hai mbele ya jina lako, na wewe umesimama pale umeshika kitambulisho, kazi yake ni kukukamata. Karani ni mtunza kumbukumbu. Mpe jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kesi kama unayo, uliza kama kesi ina waranti ambayo haijafutwa, dhamana ni kiasi gani, na lini jaji atakuwepo. Swali la mwisho lisikupite: vijijini jaji mmoja huzungukia kaunti kadhaa, na huenda kwenu hufika siku chache tu kwa mwezi. Karani hawezi kukupa ushauri wa kisheria, kwa hiyo usimuulize ufanye nini. Baadhi ya masijala hutoza ada ndogo ya kutafuta au ya nakala. Mahakama inayopokea fedha za serikali kuu inakatazwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, hivyo kama hujui Kiingereza, omba mkalimani wa Kiswahili.

Tovuti za biashara zinazokuahidi "rekodi zote kwa dakika moja" sizipendi, nami sifichi. Hununua data zilizopoa, na hati iliyofutwa zamani huendelea kuonekana humo. Mbaya zaidi ni simu inayokutafuta wewe: mtu anajiita afisa, anasema hukufika kwenye baraza la wazee wa mahakama (jury, raia wanaoitwa kuamua kesi), kuna waranti, lipa sasa hivi kwa kadi za zawadi. Kata. Mahakama haipokei kadi za zawadi.

Kesi za serikali kuu hazimo kwenye kaunti. Hizo ziko kwenye PACER, tovuti ya mahakama za serikali kuu, senti 10 kwa ukurasa, na matumizi ya dola 30 au chini yake kwa robo mwaka husamehewa. Mambo ya uhamiaji pia yako kwingine kabisa. Hati ya kumkamata mhamiaji kutoka ICE, idara ya serikali kuu inayokamata wahamiaji, husainiwa na afisa wa uhamiaji, si jaji, na karani wa kaunti hawezi kuiona. Kesi iliyoko mahakama ya uhamiaji hutazamwa kwa namba ya A, yaani namba ya mhamiaji inayoanza na herufi hiyo.

Na ukiikuta kweli? Usiendeshe gari kwenda kuuliza. Tafuta wakili kwanza. Kwa kosa kubwa, asiye na uwezo hupewa wakili na serikali, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Gideon ya mwaka 1963. Kwa makosa madogo hutegemea jimbo na kama kuna hatari ya kufungwa. Wakili huandika ombi la kuifuta waranti na kuomba siku mpya. Kama tatizo ni faini, mweleze kipato chako bila aibu: katika kesi ya Bearden ya mwaka 1983, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mtu asifungwe kwa kushindwa kulipa kabla jaji hajachunguza kama kweli alikuwa na uwezo.

Jaji akishaifuta, omba nakala ya amri yenye muhuri kabla hujatoka mlangoni, uiweke garini pamoja na bima. Habari hutembea polepole kutoka masijala hadi kompyuta ya sherifu. Yule mzee wa tiketi alisimamishwa siku tisa baada ya hati yake kufutwa, na skrini ya afisa ilikuwa bado inaonyesha waranti. Akampa karatasi. Afisa akapiga simu mahakamani, akasubiri, akairudisha ile karatasi dirishani na kumwambia aende.