Moto Hausafishi Waya

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniletea, kwenye karakana yangu ya kuvunja vifaa chakavu vya kielektroniki, kiroba cha nyaya alizokuwa ameshazichoma ganda ili ibaki kopa (shaba) ya kuuza. Akakitua mlangoni, akajifuta jasho, akasema: "Fundi, nimekupunguzia kazi. Moto umeshazisafisha."

Hakuwa na nia mbaya, alitarajia asante. Lakini maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, kwa wakusanyaji wa skrepa na kwa wasomi, hata kwa watu wanaotoa mafunzo ya mazingira huku wakionyesha picha ya waya unaowaka na kuuita urejelezaji. Nimechoka kumjibu kila mtu kwa wakati wake. Acha niyaandike.

Moto hausafishi waya. Moto unatengeneza sumu ambayo haikuwamo. Watu wanadhani sumu yote ilikuwa imefungwa ndani ya kifaa tangu kiwandani, na kwamba kuchoma ni kuifungulia tu mlango. Kwa risasi na zebaki wanakaribia ukweli, kwa sababu hizo zilikuwamo. Dioksini, kundi la kemikali zenye sumu kali, hazikuwamo. Zinazaliwa pale pale motoni, mbele ya macho ya anayechochea.

Ganda la nyaya nyingi ni plastiki iitwayo PVC. Kabla haijachanganywa na vilainishi, zaidi ya nusu ya uzito wa PVC ni klorini. Ndani ya ganda kuna kopa. Sasa, ili dioksini zitengenezeke vizuri unahitaji kaboni, klorini, hewa, joto la kati ya nyuzi 200 na 450 hivi za Selsiasi, na kichocheo cha kuharakisha mambo. Kopa ni kichocheo, tena miongoni mwa vilivyo hodari kabisa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo anayechoma waya ameshika mahitaji yote mkononi, yamekuja yakiwa yamefungashwa pamoja, na anachoongeza ni kiberiti.

Hapo ndipo huwa naambiwa, "Basi nitawasha moto mkali zaidi." Hili linanikera kuliko yote, kwa sababu linaonekana kama hoja. Katikati ya moto wa matairi, ambayo wachomaji huyatumia kama kuni, kunaweza kuwa na joto kali kweli. Lakini moto wa wazi una pembe zake, una majivu yanayofuka hadi asubuhi, na una moshi unaopanda huku ukipoa. Moshi ule ukipoa unapita taratibu katikati ya nyuzi 450 na 200, umebeba klorini na vumbi la kopa. Uwashe moto mkali utakavyo, moshi lazima upoe, na njia ya kupoa ni hiyo hiyo. Sheria za Umoja wa Ulaya zinataka tanuri la kuteketeza taka hatari zenye halojeni zaidi ya asilimia 1, na klorini ni halojeni, liifikishe gesi nyuzi 1,100 kwa sekunde 2 angalau. Na hata hapo kazi haijaisha: gesi hupozwa kwa kasi isipate muda wa kukawia kwenye joto la hatari, kisha hupitishwa kwenye vichujio. Hakuna jiko la mawe matatu linaloweza hayo.

Moshi ukishapaa watu husema umekwenda. Haujaenda popote. Masizi yanatua chini, kuku wanachakura, dioksini zinajikusanya kwenye mafuta ya mwili na kutokea kwenye yai. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa mayai ya kuku waliokuwa wakijilisha Agbogbloshie, lile jalala la vifaa chakavu la Accra, Ghana. Mtu mzima akila yai moja tu alikuwa anapita mara 220 kiwango cha dioksini ambacho mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya inakihesabu kuwa kinavumilika kwa siku. Jalala lile lilibomolewa mwaka 2021. Wachomaji wakahamia jirani.

Na kopa yenyewe je? Nilichomoa waya mmoja kwenye kiroba cha yule kijana nikaukunja mbele yake. Nyuzi zake nyembamba zilikatika vidoleni, zikaniachia unga mweusi. Kisha nikachukua waya wa aina ile ile, mbichi, nikaubana ubaoni na kupitisha kisu. Ganda likafunguka, kopa ikatoka nyekundu, inang'aa kama imetoka kiwandani leo. Nikaviweka viwili hivyo kando kwa kando. Mnunuzi yeyote wa skrepa ana bei mbili: ya kopa safi na ya kopa iliyoungua, na iliyoungua iko chini. Kijana alikuwa amelipia matairi kwa mapafu yake ili auze kwa bei ndogo zaidi.

Hapa nikiri jambo. Waya mnene wa umeme unamenyeka kwa kisu, na mtu anapata haki yake. Waya wa chaja au wa spika za masikioni haumenyeki. Nyuzi ni nyembamba kama nywele, nyingine zimezungushiwa uzi wa kitambaa, na mtu anaweza kukaa saa nzima asipate kopa ya kujaza kiganja. Ipo mashine inayosaga waya mzima vipande vidogo kisha kutenganisha kopa na plastiki kwa tofauti ya uzito. Ni nzuri, lakini inataka mzigo mkubwa wa kila siku, na karakana ndogo haina mzigo huo. Kwa hiyo ninapomkataza mtu kuchoma nyaya nyembamba, najua namkataza bila kumpa njia nyingine ya kumlipa jioni ile. Nakataza bado. Lakini silali vizuri juu yake.

Bodi za saketi za ndani ya vifaa nazo watu huzipasha juu ya mkaa ili risasi ya kulehemu iyeyuke wachomoe chipu. Lehemu ya zamani ni asilimia 63 bati na 37 risasi, inayeyuka kwenye nyuzi 183. Tangu Julai 2006 Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha risasi cha asilimia 0.1 kwenye vifaa vingi vinavyouzwa huko, na viwanda vingi duniani vikafuata, ila vifaa vya kabla ya hapo bado vinaingia kwangu kila siku. Wengi wanaogopa mvuke wa risasi. Kwenye joto la mkaa risasi haitoi mvuke mwingi hivyo. Kinachoingiza risasi mwilini ni vumbi, majivu, na mkono uliogusa bodi kisha ukamega chakula. Mtu anajifunga kitambaa puani, akidhani amejikinga, halafu anakula bila kunawa. Moshi wa bodi una ubaya wake mwingine: plastiki ile imewekewa kemikali za bromini za kuzuia moto, na bromini hufanya kama klorini. Runinga za chogo sitazieleza sana. Kioo chake kina risasi kwa kilo, usikivunje.

Dhahabu. Ndiyo, ipo. Hesabu inayotumika sana Marekani ni kilo 34 hivi kwa simu milioni 1, yaani takriban miligramu 34 kwa simu moja. Tani nzima ya simu inaweza kuwa na gramu 300, na machimbo mengi hayapati hata gramu 10 kwa tani ya mawe, ndiyo maana kazi hii ina maana. Lakini utajiri huo uko kwenye tani, hauko kwenye simu yako. Wanaomwagia bodi asidi ya naitriki uani wanapata sehemu ya dhahabu na kupoteza paladi, madini mengine ya thamani, na ule moshi wa rangi ya kahawia unaotoka kwenye ndoo unaweza kumwacha mtu na kikohozi kidogo jioni, kisha mapafu yakajaa maji usiku. Bodi zangu zinaishia kwa wayeyushaji wakubwa, wa aina ya Hoboken kule Ubelgiji au Rönnskär kule Uswidi. Nao wanatumia moto, najua, huwa nakumbushwa. Tofauti ni tanuri lililofungwa na mtambo mkubwa wa kusafisha gesi. Kopa iliyoyeyuka inabeba dhahabu, fedha na paladi, kisha zinatenganishwa.

Betri: ikivimba, usiitoboe, usiikandamize irudi, usiichaji tena. Iondoe karibu na vitu vinavyoweza kuwaka, uipeleke kwa anayejua. Friji: usikate bomba kutoa kompresa. Kilo moja ya gesi ya kupozea, R-12, ikitoka kwenye friji la zamani inaipasha dunia joto kama zaidi ya tani 10 za kaboni dioksidi, mbali na kutoboa tabaka la ozoni. Kukata bomba ni kitendo cha sekunde tano.

Nisije nikaonekana nauza dawa ya kila ugonjwa. Takwimu za Umoja wa Mataifa zinasema mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na asilimia 22.3 tu ndiyo ilithibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu. Na hata kinachopita mikononi mwetu hakirudi chote. Sumaku ndogo za spika na diski zina neodimiamu, mojawapo ya yale yanayoitwa madini adimu, nami nazitupa pamoja na chuma kwa sababu sina wa kumpa. Madini adimu yanayopatikana kwa kurejeleza taka hizi yanatosheleza takriban asilimia 1 tu ya mahitaji ya dunia. Plastiki nyeusi zenye bromini zinanirundikia, hakuna anayezitaka. Ndiyo maana kifaa kinachotengenezeka nakirudisha kwa fundi simu kabla ya kukifungua. Sehemu kubwa ya uchafuzi wa simu ilishatokea siku ilipoundwa, na kuivunja vizuri hakuurudishi.

Yule kijana aliniuliza kama kiroba nitakinunua. Nilisita. Nikikinunua nimelipia moshi, nikikikataa atakipeleka mlango wa pili. Wakati nafikiri nikaona mikono yake, myeusi hadi kwenye viwiko, nikamuuliza nyumbani yupo na nani. Akasema ana mtoto, ndio kwanza anatambaa. Mtoto anayetambaa hutia mkono mdomoni mchana kutwa, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Nikamwambia viatu na shati vibaki nje, aoge na nywele kabla ya kumbeba, na nguo hizo zifuliwe peke yake.

Kiroba nilikinunua, kwa bei ya kopa iliyoungua, na tukakubaliana kijacho kije kibichi. Jana amekileta. Kimejaa nyaya za chaja, zile nyembamba, hakuna hata mmoja ulioguswa na moto. Nimemlipa, nimekiweka kwenye kona pamoja na vingine. Vimefika saba.