Uzezeta sio akili kuharibika, ni dozi!

Wiki hii tena, Tandika, uani kwenye nyumba ya kupanga, shangazi wa kijana mgonjwa wa akili ninayemtembelea ananiambia "nesi, zile dawa zenu tumezitupa, zilikuwa zinamfanya mtoto zezeta", na wapangaji wote wanaitikia. Jamani. Leo naandika maana nimechoka kulirudia hili mlango kwa mlango.

Kwanza shangazi hajadanganya. Wenzangu wengi wanakimbilia kumjibu "hapana mama, dawa ni salama" na hapo hapo wanampoteza, kwa sababu yeye ndio anaishi naye na amemwona kijana anatembea kama roboti, mate yanamtoka, uso haucheki hata akitaniwa. Haloperidoli na klopromazini, dawa za kutuliza kuchanganyikiwa, ni za miaka ya 1950, zinazuia dopamini, kemikali ya ubongo, na dopamini hiyo hiyo ndio inalainisha mwendo wa mwili, sasa ukiizuia kupita kiasi mtu anakakamaa kama mzee mwenye Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa. Kwa hiyo mnachokiita uzezeta mara nyingi ni dozi iliyozidi kwa mwili wake, au dawa haimfai, na hilo linarekebishika.

Mimi nikifika nyumbani sianzi na maswali, namwambia mgonjwa atembee kutoka jikoni mpaka mlango wa choo, naangalia mikono kama inacheza au imeganda ubavuni. Halafu namshika kiwiko, nakunja nanyoosha taratibu, kikiwa kinakwama, kinaachia, kinakwama tena, nimeshapata jibu. Daktari atapunguza dozi, au ataongeza atane, kidonge cha kulegeza huo mkakamao (hii tunaitoa kwa kuhesabu, wengine wanaitafuta walewe), au atambadilishia olanzapini, dawa nyingine ya kuchanganyikiwa, ikiwepo na nyumba ikiimudu. Nayo ina yake, inanenepesha na inapandisha sukari. Ila shingo ikipinda ghafla au macho yakiganda juu siku za mwanzo za dawa, sio jini hilo, mleteni siku hiyo hiyo, kuna sindano ya kuachilia.

Sasa kinachoniudhi kuliko vyote: "mbona tumeacha na yuko vizuri tu?" Ndio, yuko vizuri, ni wiki ya pili! Mate yamekauka, anacheka, anaoga mwenyewe, mnapongezana. Ugonjwa huu mara nyingi haurudi kesho yake. Anaacha mwezi wa kwanza, mwezi wa tano usingizi unakata, anabishana na redio iliyozimwa, mwezi wa sita anaokotwa barabarani, na kufikia hapo hakuna anayekumbuka vidonge vilivyotupwa, anatafutwa mchawi, mara mke wa kaka yake mara mpangaji mpya chumba cha mwisho. Wa sindano ya mwezi ndio kabisa, maana akiruka kliniki dawa bado iko kwenye msuli inaendelea kutoka kidogo kidogo, hivyo familia inaamini amepona bila dawa kumbe bado anaitumia.

Waganga na maombi sigombani nao, nendeni, ila hakuna kumfunga mtu minyororo na hakuna kumwachisha dawa. Bangi aache. Tuendelee.

Mtaniuliza basi anameza mpaka lini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema aliyechanganyikiwa mara ya kwanza aendelee angalau miezi 12 tangu apate nafuu, ndio mzungumzie kuacha. Baada ya hapo, niwe mkweli, tunabahatisha kitaalamu. Wapo wanaoacha na maisha yanaenda, wanauza mitumba, wanaoa, na wapo wanaorudi wakiwa hoi kuliko mwanzo, na mkiniwekea wote wawili mbele yangu leo siwezi kuwaambia yupi ni yupi. Tukisema "atameza maisha" huwa ni tahadhari zaidi kuliko uhakika, na sio kila siku naisema kwa moyo mmoja.

Ndio maana naomba mtu akitaka kuacha aseme, tumpunguzie polepole huku tunamtembelea, kuliko kunificha mfuko wa dawa juu ya kabati halafu mnaniambia "anameza vizuri tu nesi". Na wa kutuambia mambo yanaharibika ni mnaolala naye chumba kimoja, sio mimi ninayepita mara moja moja. Akikesha siku mbili tatu pigeni simu, msisubiri aanze kurusha mawe kwenye bati za watu.