Wikendi ya familia St. Louis: anza na jua, vivutio baadaye

Familia nyingi zinazoniletea mpango wao wa St. Louis, mji wa jimbo la Missouri, Marekani, huwa zimeandika mahali kumi kwa siku mbili, kwa mpangilio wa umaarufu. Mpango wa namna hiyo unafaa Oktoba. Julai na Agosti haufiki saa nane mchana kabla watoto hawajaanza kulia, bibi hajakaa kivulini na kukataa kuinuka, na baba hajapotelea kwenye maegesho akitafuta gari. Kazi yangu ni kupanga safari za familia na vikundi, na wateja wangu wengi ni Waswahili na Wakongomani wanaoishi Indiana, Kentucky, Iowa na Illinois. Kwa mji huu ninaanza kila mara na swali moja: jua likiwa utosini, watu wangu watakuwa wapi? Ukishalijibu kwa Jumamosi na kwa Jumapili, mengine yanajipanga.

Wastani wa joto la mchana mwezi Julai ni kama nyuzi 32 za Selsiasi, na zipo siku linapita 37. Tarakimu hizo hazimtishi mtu aliyekulia pwani, na hapo ndipo anapodanganyika. Fikiria Dar es Salaam mwezi wa pili, kisha ondoa upepo wa bahari. Hewa imejaa unyevu, jasho halikauki, na lami ya katikati ya mji inatunza moto hadi usiku. Mwaka 1904 mji huu uliandaa Michezo ya Olimpiki, na marathoni ikaanza alasiri ya tarehe 30 Agosti kwenye barabara za vumbi. Walianza wakimbiaji 32, wakamaliza 14. Kati ya waliomaliza walikuwamo Watswana wawili kutoka Afrika Kusini, Len Taunyane aliyeshika nafasi ya tisa na Jan Mashiani wa kumi na mbili, Waafrika weusi wa kwanza kushindana katika Olimpiki. Watoto wakubwa wasimulie habari hiyo mkiwa njiani. Watakunywa maji bila kusukumwa.

Moyo wa safari uwe Forest Park. Wageni wengi wanadhani moyo wa St. Louis ni lile tao kubwa la chuma kando ya mto, kwa sababu ndilo linalopigwa picha. Tao ni la saa mbili au tatu. Forest Park inaweza kubeba siku nzima na nusu bila mtu kuchoka, nayo karibu yote haina kiingilio. Ni hifadhi ya mjini yenye ekari zaidi ya 1,300, kubwa kuliko Central Park ya New York, iliyofunguliwa mwaka 1876. Ndani yake mna bustani ya wanyama, makumbusho ya sanaa, makumbusho ya historia na kituo cha sayansi, na milango yote minne haidai kiingilio cha kawaida. Wateja huniuliza kama bure hiyo ni ya wenyeji tu. Hapana, ni ya kila mtu. Mwaka 1971 wapiga kura wa jiji na wa kaunti inayolizunguka walikubali kutozwa kodi ya majengo kwa ajili ya taasisi hizi, ingawa makumbusho ya historia yaliongezwa baadaye, na kodi hiyo inaendelea kulipwa. Nausifu uamuzi huo kila nipatapo nafasi. Familia ya watu saba ambayo ingelipa mamia ya dola katika mji mwingine, hapa inaingia bila kufungua pochi. Utalipa maegesho ukitumia yale ya bustani ya wanyama yenyewe, na utalipia garimoshi dogo la ndani na maonyesho ya pekee. Barabara za Forest Park zina nafasi nyingi za kuegesha bure kwa anayewahi.

Kuwahi ndiko siri ya Jumamosi. Muwe langoni bustani ya wanyama inapofunguliwa. Saa za mwanzo tembo wanatembea, simba wanaonekana, na njia za kusukumia kigari cha mtoto hazijajaa. Kufikia saa tano wanyama wakubwa wameshalala kivulini, na watu wengi ndio kwanza wanaingia. Wakati huo nendeni kwenye jengo la pengwini, ambalo hutunzwa baridi kama jokofu, kwa hiyo mchukulieni mtoto mdogo sweta. Msiondoke bila kupita ndani ya kile kizimba kikubwa cha ndege cha waya. Kilijengwa kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya 1904, yaliyofanyika hapa St. Louis, na wakazi wa mji walipoamua kukibakiza, bustani yenyewe ikazaliwa kutokana nacho.

Chakula cha mchana beba mwenyewe. Bustani inaruhusu mfuko wa chakula mradi hakuna vyombo vya kioo, na nyasi za Forest Park zina miti ya kutosha kutandika mkeka. Wali wa jana, mayai ya kuchemsha, matunda, maji mengi. Kisha, kuanzia saa saba hadi saa kumi, familia nzima iwe ndani ya jengo lenye kiyoyozi. Kwa watoto chini ya miaka kumi na miwili ninachagua kituo cha sayansi, ambako kuna daraja lililofunikwa linalovuka juu ya barabara kuu, na mtoto anaweza kupima mwendo wa magari yanayopita chini yake. Nimeona watoto wakikataa kuondoka hapo. Kwa familia yenye vijana wakubwa au wazee ninachagua makumbusho ya sanaa, yaliyo katika jumba lililobuniwa na Cass Gilbert kwa ajili ya maonyesho yale yale ya 1904. Mjue tu kwamba Jumatatu hufungwa, kama mnafikiria kuongeza siku.

Makumbusho ya historia ya Missouri yanahitaji maneno zaidi, hasa kwa familia za kutoka Congo. Yana ukumbi kuhusu Maonyesho ya 1904, uliofunguliwa upya mwaka 2024. Maonyesho hayo yalikuwa na umeme, maziwa ya kuchimbwa na majumba meupe, lakini pia yaliwaweka binadamu hadharani watazamwe. Walikuwamo Wafilipino wengi, na alikuwamo Ota Benga, kijana Mmbuti kutoka Congo, aliyeletwa Marekani pamoja na wenzake na Mmarekani Samuel Phillips Verner, aliyewahi kuwa mmisionari Congo. Miaka miwili baadaye Ota Benga aliwekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Alijiua Lynchburg, Virginia, mwaka 1916. Yote ya St. Louis yalitokea ndani na kandokando ya hifadhi hii ambayo leo watoto wetu wanakimbia kwa furaha. Sitaki familia ikwepe kwenda, ila nataka mzazi aijue habari hii kabla ya mtoto wa miaka kumi kuuliza mbele ya watu. Msimulieni jioni iliyotangulia, kwa utulivu, kwa lugha ya nyumbani. Nimeona vijana wakitoka hapo na maswali mazito na ya maana kuliko waliyotoka nayo mahali pengine popote katika safari nzima.

Jumamosi jioni kuna njia mbili. Ya kwanza ni The Muny, ukumbi mkubwa wa michezo ya kuigiza ulio wazi chini ya anga, humo humo Forest Park. Unachukua watu karibu 11,000, na kila usiku wa onyesho viti vipatavyo 1,500 vya nyuma kabisa ni bure kwa anayewahi. Bebeni darubini na maji. Ya pili, kwa familia yenye watoto wadogo, ni kurudi hotelini, watoto waogelee, kisha kwenda Ted Drewes kwenye barabara ya Chippewa, iliyokuwa sehemu ya Route 66, barabara kuu mashuhuri ya zamani, kununua kastadi iliyogandishwa, aina ya aiskrimu. Ni nzito kiasi kwamba muuzaji huigeuza kikombe juu chini nayo haimwagiki. Foleni ni ndefu lakini inakwenda haraka.

Tao sasa. Gateway Arch lina urefu wa mita 192, na upana wake chini ni mita 192 vilevile. Mbunifu wake, Eero Saarinen, alifariki mwaka 1961, na ujenzi ukaanza 1963 na kukamilika Oktoba 1965. Mnapanda ndani ya vyumba vidogo vya mviringo vyenye viti vitano kila kimoja, dakika nne kwenda juu, dakika tatu kushuka. Mtu anayeogopa mahali pa kubanana asishawishiwe. Abaki chini kwenye makumbusho, ambayo ni bure, yana baridi nzuri, na ni mazuri kweli. Vigari vya watoto haviruhusiwi kwenda juu, na juu hakuna choo, kwa hiyo pitieni msalani kwanza. Tiketi za wikendi za majira ya joto huisha mapema, zinunueni mtandaoni mara tu mnapojua tarehe, na mfike mapema kabla ya saa iliyoandikwa kwa sababu kuna ukaguzi kama wa uwanja wa ndege. Mimi huchagua Ijumaa jioni kwa wanaofika mapema, au saa ya kwanza ya Jumapili. Mchana wa Jumamosi ninaukataa hata mteja akisisitiza, maana ngazi za kushuka mtoni zinaunguza na foleni hazina huruma.

Hatua chache kutoka hapo ni mahakama ya zamani, Old Courthouse, iliyofunguliwa tena mwaka 2025 baada ya ukarabati mrefu. Humo ndimo Dred Scott na mkewe Harriet, waliokuwa watumwa, walipodai uhuru wao mbele ya sheria, katika kesi iliyofika Mahakama Kuu ya Marekani na kukataliwa mwaka 1857. Inahitaji chini ya saa moja. Msiiruke.

City Museum ndicho kivutio pekee cha kulipia ambacho ninakitetea kwa nguvu. Si makumbusho ya kabati za vioo. Ni jengo la zamani la kampuni ya viatu ambalo mchongaji Bob Cassilly na wenzake waligeuza kuwa mapango, mahandaki ya waya na bembea za kuteleza, moja ikishuka ghorofa kumi, na kulifungua mwaka 1997. Watoto wa miaka sita na kuendelea huliona kuwa ndoto. Wavae suruali ndefu na viatu vya kufunika vidole, kwa sababu magoti yanachubuka. Mama anayevaa dera au baibui avae suruali ndani, maana atalazimika kutambaa kumfuata mtoto. Kubalianeni mahali pa kukutana kabla hamjatawanyika. Sehemu ya juu ya paa hufungwa kukiwa na radi, kwa hiyo anzeni huko hali ikiwa shwari.

Kabla ya kuweka nafasi hotelini, fungua ratiba ya Cardinals, timu ya besiboli ya mji. Wikendi wanapocheza nyumbani, bei za hoteli na za maegesho katikati ya mji hupanda sana. Wikendi hizo ninazipeleka familia Clayton au Central West End, pande mbili za Forest Park, zote zikiwa na vituo vya treni ya MetroLink inayofika karibu na tao. Vyumba vya kawaida vya vitanda viwili hupokea watu wanne. Sisi tukiwa sita au saba pamoja na shangazi, tuombe mapema vyumba viwili vyenye mlango wa kati, badala ya kuingiza watu kimyakimya. Hesabu hiyo si ubishi wa mapokezi, ni ya usalama wakati wa moto. Na msiache kitu chochote kinachoonekana ndani ya gari, hata begi tupu.

Radi za alasiri ni za kawaida. Mwaka 2025, tarehe 16 Mei, kimbunga cha tornado kilipiga mji huu, kikaua watu na kuangusha miti mingi, ikiwamo ya Forest Park. Simu ikilia tahadhari au king'ora kikisikika, ingieni ndani ya jengo, ghorofa ya chini kabisa, mbali na madirisha, na msirudi garini.

Kwa chakula cha moto, nendeni kusini, barabara ya Gravois, mtaa wa Bevo. Wabosnia waliokimbia vita vya miaka ya 1990 walijaa hapo na kuufufua mtaa. Mtapata ćevapi, vijiti vya nyama ya ng'ombe iliyosagwa na kuchomwa, vinavyoliwa ndani ya mkate laini na vitunguu. Wenye maduka wengi ni Waislamu. Ulizeni tu kuhusu halali, hawaoni vibaya kuulizwa. Familia inayoweza kuchagua tarehe iulize kwanza kama Festival of Nations inafanyika mwaka huo, kisha ichague wikendi yake; kwa kawaida huwa mwezi Agosti ndani ya Tower Grove Park, mahali ambapo vyakula na ngoma za mataifa mengi vinakutana.

Jumapili, wanaorudi mashariki wavuke mto hadi Cahokia Mounds, upande wa Illinois, asubuhi kabla ya City Museum kama imebaki, ama waifanye ndiyo kituo pekee cha siku. Ni mabaki ya mji mkubwa wa wenyeji wa Amerika uliostawi karibu miaka elfu moja iliyopita, nayo yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1982. Kilima kikuu, Monks Mound, kina kimo cha mita 30 na kilijengwa kwa udongo uliobebwa kwa vikapu. Hakuna kivuli juu yake, hivyo muwe mmeshashuka ifikapo saa nne. Wa Indianapolis na Louisville wakumbuke kuwa saa yao iko mbele kwa saa moja. Ukitoka St. Louis saa saba mchana na ukaendesha saa nne, nyumbani itakuwa saa kumi na mbili jioni, na kesho yake ni kazi. Wa Iowa na Kansas City hawana hasara hiyo, wanaweza kubaki Forest Park hadi alasiri.