Mbwa hakai juu ya tangi

Wateja wangu wengi hapa Dar hawana gari. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa ikifika, mnyama huja kliniki kwa pikipiki, na nimeshawaona wakishushwa kutoka kila mahali: kwenye kiroba kilichotobolewa tundu la kichwa, mapajani mwa abiria, hata juu ya tangi la mafuta, miguu ya mbele ikiwa kwenye usukani. Mimi ni daktari wa mifugo, napanda pikipiki, na mbwa wangu hupanda pia. Safari zenyewe sizipingi. Napinga tangi na kiroba.

Kwenye tangi mbwa anaziba mikono ya dereva, na ukishika breki ghafla hana cha kujishikilia. Kiroba nacho kinamnyima hewa, na hapo ndipo watu hawaelewi hatari ilipo. Wanaogopa kuanguka tu, wakati joto linaua bila ajali yoyote. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kama nyuzi 38 hadi 39. Hatoi jasho kama sisi; anajipoza kwa kuhema, na kuhema kunataka hewa inayopita. Pikipiki ikiwa kwenye mwendo upepo unasaidia. Ikikwama foleni ya Ubungo saa saba mchana mwezi wa Februari, upepo hakuna, lami inafuka joto na ekzosi iko chini yake. Akifika nyuzi 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Ukiona anahema bila kupumzika, mate yamekuwa mazito, ufizi umeiva wekundu au anayumba, simama kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, kisha mlete kwa daktari. Mbwa wa pua fupi, kama pagi na buldogi, mimi nakataza kabisa wasipakizwe mchana.

Kinachofaa ni kreti imara ya plastiki, yenye matundu, iliyofungwa kwenye keria kwa boliti au mikanda isiyovutika. Ile mipira ya kufungia mizigo inacheza kwenye matuta. Chini tandika kipande cha zulia, maana mbwa anayeteleza hatulii. Ukuta wa kreti umfike mabegani, alale upepo na vumbi vikimpita juu. Jicho lililopigwa na mchanga huweza kupata kidonda kibaya. Kisha mfunge kwa mkanda wa kifuani, kamwe si kwa kola ya shingoni: akiruka na kola, ananyongwa. Kamba iwe fupi kiasi kwamba anaweza kugeuka na kulala, lakini hawezi kuvuka ukingo. Kamba ndefu inamfikisha kwenye gurudumu.

Mazoezi hayana siri. Mlishie ndani ya kreti ikiwa chini nyumbani, baadaye ikiwa juu ya pikipiki iliyozimwa, halafu injini ikiunguruma, halafu zungukeni mtaa. Asile saa chache kabla ya safari, hasa mtoto wa mbwa, kwani hao hutapika upesi. Na tafadhali, usimpe kidonge cha usingizi ulichonunua duka la dawa. Mbwa aliyeleweshwa hawezi kujisawazisha kwenye kona, na baadhi ya dawa hizo humpunguzia uwezo wa kujipoza. Kama anatapika sana njiani, ipo dawa ya kuzuia kichefuchefu isiyolaza, uliza kliniki.

Mbwa wa kienyeji wa kilo 15 anabebeka. Wa kilo 35 akikaa nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na kwenye mlima utausikia usukani unaelea. Huyo mchukulie bajaji. Mwambie dereva mapema kwamba abiria ni mbwa: wapo wanaoogopa, na wapo Waislamu ambao mate yakigusa kiti watalazimika kukiosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Beba turubai utandike kiti kizima, na ukishuka liondoke nawe.