Sheria ya viwanda ilichelewa kufika kwa madobi wa Uingereza

Wengi hudhani kwamba enzi za Malkia Victoria, wakaguzi wa viwanda Uingereza walimlinda kila mwanamke aliyefua nguo kwa ujira. Si kweli. Victoria alitawala tangu 1837, lakini kazi ya udobi iliingizwa kwenye sheria ya viwanda mwaka 1895, miaka 6 tu kabla hajafariki.

Tena iliingizwa nusunusu. Sheria ilidai feni za kupunguza joto chumba cha kupigia pasi na kutoa mvuke panapofuliwa, jiko la kupashia pasi litengwe, na sakafu isituamishe maji, maana wanawake walisimama kutwa kwenye maji machafu. Hayo yalikuwa mema. Lakini mwanamke mzima bado aliweza kufanyishwa kazi saa 14 kwa siku, mradi wiki isizidi saa 60. Hebu fikiria saa 14 na pasi ya chuma mkononi!

Kinachoniuma zaidi ni walioachwa nje kabisa: waliofua magerezani na kwenye taasisi za dini na za hisani, wengi wao wasichana wasio na mtetezi. Taasisi za hisani zilifikiwa na sheria hiyo mwaka 1907, Victoria akiwa kaburini.