Eti Tunaficha Tiba

Mwezi huu nimeambiwa mara nne kwamba sisi watu wa dawa tunaficha tiba za mimea, na hiyo ya nne ndiyo iliyonikalisha kuandika. Mzee mmoja aliyewekewa vali ya moyo, anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, aliweka mbele yangu kwenye dirisha la dawa chupa ya plastiki isiyo na lebo. Ilikuwa na kipande cha plasta kilichoandikwa kwa kalamu "asubuhi na jioni", basi. Ndani kulikuwa na maji ya rangi ya udongo yanayonuka kitunguu saumu na kitu kingine nilichoshindwa kukitambua. Alikuwa ametokwa damu puani usiku mbili mfululizo. Nilipomuuliza mbona hakututajia chupa hiyo tangu mwanzo, alinijibu kwa upole kabisa: "Mwanangu, nyinyi hamwezi kuniruhusu. Watu wakizijua hizi, mtauza nini?"

INR yake, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, ilisoma 6.2, juu mno.

Dhana: Madaktari na kampuni za dawa wanazijua tiba za mimea, wanazificha wasikose biashara

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, maana huyo mzee alikuwa ameshika mkononi kidonge ambacho chanzo chake ni mmea. Miaka ya 1920, huko Amerika Kaskazini, ng'ombe walikuwa wakivuja damu mpaka kufa baada ya kulishwa majani makavu ya klova tamu, mmea wa malisho, yaliyoota ukungu. Karl Link na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin wakakitafuta kilichokuwa ndani ya majani yale hadi wakakipata, na kutokana nacho ikatengenezwa warfarini. Iliingia sokoni mwaka 1948 kama sumu ya panya, na mwaka 1954 ikaidhinishwa kwa binadamu. Watu huniambia habari ya sumu ya panya kana kwamba wamenifumania. Ni kweli, na wala si siri. Ndiyo maana tunakusumbua na kupima INR kila mara: ikizidi kidogo unavuja damu, ikipungua kidogo damu inaganda kwenye vali.

Wanaotafuta dawa hawaikimbii mimea, wanaifukuzia. Vinkristini, inayotibu saratani ya damu kwa watoto, imetoka kwenye Catharanthus roseus, ua dogo la waridi lenye asili ya Madagaska. Artemisinini, iliyo ndani ya dawa mseto za malaria, ilipatikana China katika Mradi wa 523, utafiti wa dawa ya malaria ulioanza mwaka 1967. Mtafiti wake, Tu Youyou, alirudi kusoma kitabu cha tiba cha karne ya 4 kilichoelekeza mmea ulowekwe kwenye maji na kukamuliwa, bila neno la kuuchemsha. Akatambua kwamba moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa, akaikamua kwa kiyeyushi kinachochemka kwa joto dogo. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Huko ndiko kuficha?

Kuna ukweli mmoja ndani ya dhana hii nami siukwepi. Mmea kama ulivyo porini kwa kawaida hauwezi kupewa hataza, yaani haki ya mmoja pekee kuuza ugunduzi wake, kwa hiyo kampuni haina haraka ya kugharimia utafiti wa jani ambalo kila mtu anaweza kulichuma. Baadhi ya mimea inabaki bila kupimwa vizuri kwa sababu hiyo. Ila mmea ambao haujapimwa ni mmea ambao hatujui unafanya nini. Hapo ndipo wengi wanaporuka hatua: wanasikia "haujapimwa", wanaelewa "unaponya".

Nisieleweke vibaya, kutokuamini kuna sababu zake. Tuskegee, Alabama, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia mamia ya wanaume weusi wenye kaswende na kuwaacha bila tiba, hata baada ya penisilini kujulikana kuwa inaitibu. Thalidomaidi, dawa ya kutuliza iliyotumiwa pia na wajawazito, iliuzwa Ujerumani kuanzia mwaka 1957 na kusifiwa kuwa salama, mpaka ilipoondolewa mwaka 1961, watoto zaidi ya 10,000 katika nchi nyingi wakiwa wamezaliwa na viungo visivyokamilika. Mtu akinitajia hayo, namvutia kiti tuzungumze. Namwongezea na hili: Tuskegee ilifichuliwa na Peter Buxtun, mtumishi wa idara hiyohiyo, aliyelalamika ndani kwa miaka kabla ya kuwapa waandishi wa habari. Thalidomaidi haikupata kibali Marekani kwa sababu Frances Kelsey, mkaguzi wa dawa serikalini, alikataa kusaini huku kampuni ikimshinikiza, akidai takwimu zaidi. Kulikuwa na kumbukumbu zilizoandikwa, na kulikuwa na mtu wa kuzisoma na kuuliza.

Kinachoniuma ni shaka ya upande mmoja. Mtu anasoma karatasi ndani ya pakiti yangu mstari kwa mstari, ananihoji kuhusu kila athari iliyoandikwa pale, na ni haki yake. Kisha anakunywa maji ya chupa isiyo na jina la mmea, isiyo na tarehe, wala kipimo cha dozi, kutoka kwa mtu ambaye naye anauza. Mwulize huyo maswali yaleyale uliyoniuliza mimi. Ni nini hiki? Kiasi gani? Nani asikitumie? Nikidhurika nitakupata wapi?

Dhana: Cha asili hakina madhara

Mapema miaka ya 1990, Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakitumia vidonge vya mitishamba vya kupunguza unene walianza kuharibikiwa figo. Ndani mlikuwa na mmea uitwao Aristolochia, na baadhi yao baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Hypericum perforatum, mmea maarufu kwa wenye huzuni, huliamsha ini lizivunje haraka baadhi ya ARV, vidonge vya kupanga uzazi na hata warfarini. Mgonjwa anameza dozi kamili, damuni inabaki kidogo.

Dhana: Mwili unahitaji kusafishwa sumu

Una ini na figo, vinafanya kazi hiyo hata ukiwa umelala. Nikimuuliza muuzaji ni sumu gani hasa inayotoka, na ameipimaje, sijawahi kupata jibu. Dawa ya kuharisha inakuharisha tu.

Dhana: Dawa ya presha wanakuanzishia ili uwe mteja wa kudumu

Presha haiumi, ndiyo shida. Unaacha vidonge, unajisikia vizuri tu, huku mishipa inaendelea kuchakaa. Wapo wanaopunguziwa dozi au kuachishwa kabisa baada ya kupunguza uzito na chumvi. Hilo liamuliwe kwa vipimo vya wiki kadhaa vilivyoandikwa, usiliamue asubuhi moja kwa sababu umeamka mwepesi.

Dhana: Ukiamini kwamba umepona, umepona

Jumbe za asubuhi za kutia moyo nazipenda, hata mimi hutumiwa na huwatumia wengine. Neno zuri hupunguza hofu, wakati mwingine hata maumivu, na mgonjwa mwenye matumaini huwa hasahau dawa zake. Lakini haliui vimelea wala halizibui mshipa. Ninachokasirikia ni pale mgonjwa anapoambiwa hakupona kwa kuwa imani yake ni ndogo. Nimemwona mama akilia mbele yangu kwa maneno hayo, sukari yake ikiwa imepanda hadi 19, akiomba radhi kana kwamba amekosea.

Ombi langu kwa kila mgonjwa ni lilelile, wenzangu wamelichoka: lete mfuko mzima. Vidonge, unga, mizizi, chupa za plasta, chai za kupunguza mwili, vyote. Nikiona sitakugombeza. Kama kitu hakina shida na dawa zako nitakwambia endelea, na nimeshawaambia wengi hivyo.

Mzee wetu, daktari alimsimamishia warfarini kwa siku kadhaa, akairudia kwa dozi ileile, na chupa akaiacha. Wiki iliyofuata INR ilisoma 2.8, pazuri kwake. Alikuja na mfuko mweusi, akatoa kimoja kimoja na kuvipanga mbele yangu, cha mwisho kikiwa tangawizi mbichi. "Na hii?" Nikamwambia, "Ya kwenye chai, baba, kunywa."